Ajenda ya Mwisho pale Gatina

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa kituo chetu cha ustawi wa jamii alinipa kiti cha plastiki akaniambia nisifanye kitu. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha maendeleo ya jamii na viatu vya kisigino, na hapo tulipokuwa ni kijiji cha Raila, ndani ya mtaa wa mabanda wa Kibera, msimu wa mvua. Alinipeleka kwenye kioski cha maji walikopanga foleni wanawake na mitungi yao.

"Kaa na hawa wamama," alisema. "Usiandike chochote. Wakizoea kukuambia mambo madogo, makubwa utayasikia kabla hayajatokea."

Nilikaa pale miezi mitatu nikiona haya, maana wenzangu niliosoma nao walikuwa tayari na meza na makabati ya faili. Nilidhani hiyo ndiyo aibu ya kazi yangu. Sikuwa nimeijua bado.

Kazi yenyewe tuliiita kinga, yaani kushughulikia shida kabla haijazaliwa. Huwezi kuifanya peke yako. Kila Alhamisi tulikaa kikao: wapangaji, mwenye nyumba mmoja au wawili, mama wa kanisa, fundi wa nyaya za stima, mwenye kioski. Hatukuwa na ajenda. Kila mtu alisema linalomsumbua, tukabishana mpaka tukapata la kufanya. Ndivyo ilivyopatikana zamu ya mlango. Wanawake waliokwenda kufua nguo kwenye mitaa ya watu wenye uwezo walikuwa wakiwafungia watoto ndani kwa kufuli. Tukawapanga watano watano: mmoja anabaki na watoto wote, wanne wanakwenda kibarua, na jioni wanamletea unga. Ukisikia hivi utaona ni jambo rahisi. Lilituchukua karibu miaka miwili, kwa sababu hakuna mzazi anayemwachia jirani mtoto kwa kuambiwa na ofisi.

Baadaye nilipandishwa cheo nikahamishiwa Gatina, kule Kawangware. Msimamizi wangu mpya alikuwa mtu wa karatasi, mcheshi, suti yake haina hata kunjo. Nilipomweleza habari za kinga, alinitazama juu ya miwani.

"Madam, shida ambayo haikutokea nitaiandika wapi?"

Nilicheka naye. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na viti vya plastiki, na nilitaka kusifiwa. Nikahamishia vikao ukumbi wa kanisa, nikaleta ajenda, nikaanza kuandika kumbukumbu za mkutano. Ajenda ya mwisho ilikuwa Mengineyo, linakoingizwa jambo lolote lisilopangwa. Kila aliyewahi kukaa mkutanoni Kenya hii anajua kwamba ikifika Mengineyo watu wanatafuta mikoba yao.

Siku moja tulitembelewa na mgeni kutoka makao makuu. Ili aondoke na nakala mkononi, nilichapa kumbukumbu asubuhi, kabla ya mkutano. Ndiyo, kabla. Nilijua nani angesema nini. Mwishoni nikaandika: Mengineyo, hakuna.

Katikati ya hotuba ya mgeni, Ndinda alinyoosha mkono. Alikuwa mama kijana kutoka Kitui, kazi yake kufua nguo, na nilikuwa nimembembeleza nusu mwaka mzima aje mikutanoni. Alikuwa na haya sana, na siku hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusimama.

"Madam, sisi wamama wa kufua tunafungia watoto kwa nyumba, sababu hatuna wa kuwaangalia. Na hizo waya za stima zinatoa cheche. Si tukae chini tupange kitu mapema?"

Dawa ya jambo hilo niliijua kuliko mtu yeyote mle ukumbini. Nikatazama saa ya mgeni.

"Hiyo tuiweke kwa Mengineyo, mama."

Aliketi. Mengineyo haikufika. Tulifunga kwa maombi, tukapiga picha.

Wiki tatu baadaye moto ulishika ploti yao, ule mstari wa vyumba vya kupanga, mchana, Ndinda akiwa kibaruani. Majirani walivunja mlango wakamtoa mwanawe, Mutua, wa miaka mitatu. Alifia hospitalini jioni hiyo.

Tuliitwa kwa chifu. Msimamizi alitoa zile kumbukumbu, akasoma mstari wa mwisho kwa sauti, kisha akasema ofisi haikuwa imeambiwa lolote. Chifu akamgombeza Ndinda kwa uzembe. Ndinda alinigeukia mimi.

"Madam, si uwaambie?"

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa nakaribia kupandishwa cheo tena, na nilikipata hicho cheo. Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mtaambiwa jinsi nilivyotumikia watu miaka mingi. Siku ya kustaafu nilipewa cheti na shuka la Kimasai, nikapigiwa makofi nikiwa nimesimama kama mtu mwema.

Mwaka huu ndipo nilipomtafuta. Anauza mboga karibu na steji ya matatu, bado Gatina. Nilimweleza yote: karatasi ya asubuhi, saa ya mgeni, cheo. Nikamwomba msamaha huku nikilia, mimi mwanamke mzima, mbele ya wateja wake. Alinisikiliza akiendelea kukatakata sukuma wiki.

"Sina kinyongo, Madam. Lakini wewe ndiye ulikuwa unaniambia kila siku, kuja uongee, watu watakuskiza."

Alifunga mboga kwenye karatasi akampa mteja.

"Hapa kwa ploti yetu saa hii kuna vitu naona. Watu wa ofisi wakikuja kuuliza, huwa nawaambia kila kitu iko sawa."

Nikamuuliza ni vitu gani. Akaniuliza nataka sukuma ya shilingi ngapi.