Habu Yenye Umeme Wake

Mimi ni mwoga wa vitu vya umeme, tena mwoga mwenye mdomo. Nikiogopa hugomba. Wiki ile niliyokuwa nikitafuta habu niligomba nyumba nzima, na nyumba nzima yenyewe ni mimi na mama tu.

Habu, kwa asiyeijua, ni kile kidude chenye matundu mengi ya USB. Unakichomeka kwenye kompyuta, na tundu moja linakuwa mengi. Mimi nafundisha wageni Kiswahili kwa mtandao, hapa hapa nyumbani kwetu Mkunazini, na laptop yangu ilikuwa imebakiwa na tundu moja zima. Likagombewa na kamera, maikrofoni, kibodi na diski. Kamera ikifa nitanunua nyengine, na kibodi hali kadhalika. Lakini ndani ya diski mlikuwa na sauti ya mama.

Mama alikuwa mwalimu mwenzangu bila ya mwenyewe kujua. Kiswahili chake cha mjini hasa, kila herufi anaitoa mahali pake, na wanafunzi wangu walikuwa wakimpenda kuliko wanavyonipenda mimi. Mchana akishaswali adhuhuri nilikuwa nikisimama mlangoni na simu yangu namwita, "Mama!" Naye hujibu, "Naam," kisha namrikodi anahadithia: vipi pweza hupikwa akalainika, vipi bibi yake alivyokuwa akichuma karafuu kule Kidichi, nani kamwibia nani kuku akabaki na uso mkavu. Hucheka, huapiza kidogo, halafu huniambia, "Na hili usiwasikilizishe wageni wako, tutaonekana watu gani!" Mimi nawasikilizisha hilo hilo.

Halafu kiharusi kikaja kikamchukua ulimi. Miguu ilirudi, mkono ukarudi nusu, lakini neno halikurudi hata moja. Simu niliyomrikodia ikafa nayo. Laptop imejaa, haipokei kitu. Ikabaki ile diski, nayo kuukuu, na siku hizo ilikuwa imeanza kuzimika yenyewe katikati ya kazi.

Mdogo wangu anayekaa Mtoni akaniletea diski mpya. "Shikamoo dada. Haya, hamisha leo leo, usingoje."

"Marahaba. Nihamishe kwa tundu gani? La pua?"

Akacheka, lakini nilichosema ndicho. Diski mbili zichomekwe pamoja, na tundu ni moja. Nilikuwa na kihabu kidogo cha bei ya karanga, kisichokuwa na umeme wake. Nikaipachika diski kuukuu, ikawaka. Nikaipachika mpya. Ile kuukuu ikaanza kulia tik, tik, tik, taa yake ikapepesa, ikapotea kwenye kioo cha laptop. Lahaula! Nikaichomoa, nikaikumbatia kifuani, na maneno yaliyonitoka ni haya: "Yarabi, nishamuua mama." Mama mwenyewe alikuwa pale pale kwenye kiti, ananitazama.

Siku ya pili nikasoma mpaka nikaelewa. Diski inakula umeme, na tundu moja la laptop linatoa chakula cha mtu mmoja. Ukiziweka mbili hapo zinanyang'anyana, na iliyo dhaifu ndiyo inayoanguka. Kilichohitajika ni habu yenye umeme wake, yaani yenye adapta inayochomekwa ukutani, diski zishibe kutoka huko na laptop ipumzike.

Basi nikenda sokoni Darajani. Muuza duka, kijana mchangamfu mwenye maneno, akanitolea habu ya kwanza, nzuri, ina vitaa vya buluu. Tundu la adapta inalo, adapta yenyewe haimo ndani ya boksi.

"Hilo si tatizo, bibie," akasema, akazamisha mkono kwenye kapu la waya, akaibuka na adapta. Akaijaribu. "Si hiyo, imeingia kama yake."

"Kuingia imeingia. Ikiunguza je?"

Nikavaa miwani. Habu imeandikwa volti tano. Adapta imeandikwa kumi na mbili, ilikuwa ya mashine ya intaneti. Kama nisingesoma, ningekwenda nayo nyumbani, ningewasha, na zile diski mbili zingeungua pamoja huku mimi natazama. Nikamrudishia kwa ncha za vidole.

Akatoa nyengine. Nzito, nyeusi, haina pambo, ila adapta yake imo ndani ya boksi, ya pini tatu kama za kwetu. Nikalinganisha volti na volti, tano kwa tano. Nikaangalia ampea, kama zinatosha diski mbili na vyengine vyote vikiwaka pamoja. Zinatosha na kubaki. Nikaangalia tena. Nikamwomba achomeke, nikaishika adapta kuona kama inachemka.

"Bibie, unanunua habu au unaposea mtoto wako?"

"Bora ningekuwa naposa. Posa ikivunjika nitakwenda nyumba nyengine. Hii ikiniharibikia, sauti ya mama yangu nitaiposa wapi?"

Akaifunga kwenye mfuko, masikini, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nyumbani nikachomeka adapta ukutani, nikawasha swichi. Nikaweka diski kuukuu. Ikazunguka kimya, hakuna tik. Nikaweka mpya. Kimya. Nikaanza kuhamisha, na ule mstari wa kijani ukaanza kusogea pole pole. Nilikaa naukodolea macho, naogopa hata kupiga chafya. Nje masika yalikuwa yameshafunga mbingu. Mstari ulipovuka nusu moyo ukanitua kidogo, nikaona nikabandike chai.

Chai haijachemka, radi ikapiga.

Sasa, nyumba za kwetu radi ikinguruma kuna desturi yake. Vioo vyote hufunikwa kwa kanga, swichi zote huzimwa, na watu hukaa kimya mbali na dirisha. Mama kapoteza kila neno alilokuwa nalo, lakini hiyo hakuipoteza. Kutoka jikoni nikasikia tak, swichi ya friji. Tak, ya feni. Nikaelewa anakokwenda. "Mama, usizime! Mama, hiyo usi—" Nikakimbia, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

Nilimkuta kidole chake kiko juu ya swichi ya habu. Tak.

Laptop ina betri yake, haikuzimika. Na habu ilipokosa umeme wa ukutani ikageuka kuunyonya wa laptop, diski mbili zikaangukia kwenye tundu lile lile moja. Tik, tik, tik. Nikapiga ukelele. "Umefanya nini, mama! Umejiua mwenyewe!"

Akashtuka. Akakitazama kioo cha laptop kinavyong'ara, akavua kanga ya mabegani, akakifunika, kama alivyokuwa ameshakifunika kioo cha kabati. Halafu akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima na kunivuta, kwa nguvu nisizojua anazo, mpaka kwenye pembe mbali na dirisha. Radi ikapiga tena, akanikandamiza kichwa changu kifuani mwake. Alikuwa anaogopa mimi nisipigwe na radi, na mimi naogopa diski. Chini ya kanga nikawa nasikia tik, tik, kisha nikawa sisikii kitu.

Tulikaa hivyo mpaka mvua ikapita. Nikaondoa kanga. Diski zote mbili hazionekani kwenye kioo. Nikachomoa kila kitu, nikapangusa jasho la mikono, nikaanza upya: adapta, swichi, habu, diski kuukuu. Taa ikawaka. Haikulia, lakini na kwenye kioo haikutokea. Nikasoma Ayatul Kursi. Nikaisoma tena. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, nami sikuthubutu kumtazama.

Ikatokea.

Nikaipachika na ile mpya, nikahamisha upya, safari hii sikuinuka, na chai ilishaungua zamani. Mstari ulipofika mwisho nikaichomoa diski kuukuu, nikafungua faili moja kwenye ile mpya, nione kama kweli imo au nimedanganywa. Sauti yangu ikatoka kwenye spika, ya miaka ya nyuma, changa, ina haraka: "Mama!"

Nikageuka. Mama alikuwa ameinua uso kama mtu aliyeitwa. Midomo yake ikafunguka, ikajipanga. Na mashine ikajibu, "Naam."

Akaduwaa. Akainama akachungulia nyuma ya laptop. Mle ndani sauti yake ikaanza kueleza habari za pweza, inacheka, na mama mwenyewe akasikiliza mpaka mwisho, machozi yanamtiririka hata hayafuti. Ngurumo ikapita kwa mbali, upande wa Bububu. Akaitazama swichi ukutani. Hakuizima.

Mimi nilikuwa nalia wazi wazi. Nikazima spika, nikamshika mkono, nikamwita kwa mdomo wangu mwenyewe, pole pole. "Mama."

Akanitazama. Kisha akaunyoosha mkono akaupitisha mbele yangu, akaweka kidole juu ya ile diski mpya, ilimo "Naam" yake, akakiacha hapo.