Kibuyu cha Juu ya Moto wa Mama Nestori

Chekeni kabisa mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa: mimi, fundi baiskeli mwenye watoto wanne, ndiye niliyezipika mbegu za kikundi na kuwapakulia wageni waliosafiri siku mbili kuzifuata.

Kikundi chenyewe ni cha akina mama wa hapa Katumba, na mwenyekiti wao ni Mama Nestori. Wanahimiza watu wale kinachopatikana hapahapa Katavi, maharage, muhogo, uyoga wa porini, mchele wa Mpimbwe, na wanatunza mbegu za zamani zisipotee. Mke wangu alipojiunga niliwacheka (nilisema wanakutana kupiga soga tu), hadi siku nilipoonja kisamvu chao cha karanga nikafyata mkia, na mwezi uliofuata nikaomba uanachama, mwanaume pekee. Wanawake wale wakisema jambo wanalifanya. Nawaheshimu sana na wala sioni haya kulisema.

Basi wakaja wageni kutoka Mwese. Jua lilikuwa limewaunguzia maharage yao yote, hawakubaki hata na punje ya kupanda, na mvua zilikuwa karibu. Mama Nestori aliwaahidi mbegu ya maharage madoadoa, yale ambayo marehemu bibi yake alivuka nayo kutoka Burundi akiwa ameyafunga kwenye kona ya kitenge. Zamu ya kupika ilikuwa ya mke wangu, lakini alikuwa msibani Kabungu, nami kwa kiherehere changu nikasema, "Niachieni mimi. Maharage tu yatanishinda?"

Asubuhi nikabandika sufuria jikoni kwa Mama Nestori, wenyewe wakaenda barabarani kuwasubiri wageni. Mara jirani akaniita, baiskeli yake ina pancha. Nikajiambia naziba moja tu, dakika kumi, kumbe na tairi la nyuma nalo, kisha breki, kisha maneno ya Simba na Yanga, na harufu iliponifikia maharage yalikuwa yameungua hadi ya juu.

Hapo ningesema ukweli mambo yangeishia hapo. Lakini nikainua macho nikaona kibuyu kinaning'inia juu ya moto, kimezibwa kwa gunzi, ndani maharage makavu safi. Mimi nilijua mbegu ziko kwenye pipa chumbani (hakuna aliyeniambia, nilijiambia mwenyewe). Yalikuwa na majivu, nikayaosha. Nilipiga chafya tatu mfululizo, na mtu mwenye akili zake angejiuliza, mimi nikasema ni mafua, nikatia magadi yaive haraka.

Wageni wakafika saa nane, wakala, wakasifu, nami nikasimama mwiko mkononi nikawahutubia: "Siri ni moto mdogo na uvumilivu, akina mama!" Wakanipigia makofi. Mama Nestori akatia tonge mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Baba Imani, mbona haya yana pilipili?"

"Sijatia pilipili, Mama."

"Najua hujatia. Niliitia mimi, pamoja na majivu, wadudu wasiyale." Akasimama. "Yebaba we! Umepika mbegu?"

Mama Skola, kiongozi wa wageni, aliitazama sahani yake, akaisogeza mbele polepole, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa ameshakula shamba lake lote. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

"Nyie, msikae," Mama Nestori akawaambia wenzake. "Kila mtu akalete akiba yake."

Maana kikundi kina sharti, kila mwanachama anaficha mbegu kidogo nyumbani. Wakatawanyika, wakarudi na kopo, na chupa ya maji, mmoja na soksi ya mumewe imetuna. Nami nikakumbuka tunayo ya kwetu, nikampigia mke wangu (simu yangu haisikiki mpaka uweke spika).

"Iko kwenye chupa ya soda, nyuma ya kabati," akasema.

Nikakohoa.

"Baba Imani. Usiniambie."

Maharage ya chupa hiyo nilikuwa nimeyachemsha wiki iliyotangulia, yeye hayupo, njaa inaniuma. Uwanja mzima ulisikia, na hapo hata Mama Skola akacheka na machozi yake yaleyale.

Wakamimina kwenye ungo mpaka punje ya mwisho, hakuna aliyejibakizia, hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniuma kuliko matusi. "Ahadi ni ahadi," Mama Nestori alisema, akamkabidhi mgeni ungo wote. Mama Skola akachota kiganja kimoja, akaja akanimiminia mimi mkononi.

"Panda wewe," akasema. "Wenzako wamebaki bure."

Ndugu zangu, mbegu yote ya Katumba ilikuwa kwenye mkono wa mtu aliyeila mara mbili. Sijawahi kubeba mzigo mzito vile. Nilipanda nyuma ya nyumba, nikafukuza kuku kama mwendawazimu, nikapalilia huku pancha za watu zikinisubiri. Mbegu zikaota, zikazaa. Mwese nako wakatuma salamu kwamba yamekubali, na galoni la mawese juu yake.

Siku ya kuvuna Mama Nestori alikijaza kibuyu mbele ya wenzake wote, akakiziba kwa gunzi, akakirudisha juu ya moto. Yaliyobaki akayapika kwa yale mawese, akanitengea mimi wa kwanza. Pancha siku hizi, hata iwe ya paroko, inangoja sufuria iepuliwe, na hilo nimeapa. Lakini siku ile, kabla sijatia mkono sahanini, niliuliza, "Samahani Mama, haya ni chakula au ni mbegu?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikuwa natania.