Mke Wangu Bado Anasema "Sario"

Admin, jina langu lifiche kabisa na la kampuni pia, maana Eldoret ni mji mdogo kuliko watu wanavyofikiria.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita. Kwetu ni Kapseret lakini naishi Kimumu na binti yangu mmoja, yuko fomu four. Nafanya kazi kwa kampuni ndogo ya simu. Sisi si zile kubwa mnazozijua, tunawekea laini mashule, mahoteli na maofisi, na sisi wafanyakazi tumewekewa hizo laini nyumbani pia. Sasa bosi ameniambia nichague programu mpya, ile ya kuendesha simu na kupiga hesabu ya bili, juu ile ya zamani imechoka. Najua mnajiuliza programu na machozi zinakutana wapi. Vumilieni kidogo.

Hiyo ya zamani tuliiweka kabla ya uchaguzi wa 2007. Ilitaka mtu arekodi yale maneno mteja husikia akipiga kuuliza salio. Pesa ya kuita mtangazaji haikuwa, basi bosi akasema mama wa mapokezi arekodi. Mama wa mapokezi alikuwa mke wangu. Sitataja kabila lake, mtalijua wenyewe, kwa sababu herufi l ilikuwa haikai kwa mdomo wake. Jioni nzima alijifunza kusema "salio" akisonga ugali, mimi nikimcheka, na mwishowe akaipata. Kesho yake tukamfungia stoo, tukaziba dirisha na blanketi ndio kelele za barabara zisiingie. Mashine kuwashwa tu, mama wa watu akasema, "Kujua sario yako, bonyeza moja. Tafadhari subiri." Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akashika mbavu. Bosi akasema iachwe hivyo hivyo, mteja ataelewa. Tangu siku hiyo ikawa nikiomba chai ya pili nyumbani naambiwa sario yangu imeisha.

Vita vya baada ya huo uchaguzi vilipoanza, mtoto wetu ndio alikuwa anajifunza kutembea. Nilimpeleka kwa mama yangu Kapseret, huko hakuna wa kumgusa, ni mjukuu wa boma. Mama yake hakuweza kwenda naye. Barabara ilikuwa imefungwa na vijana wa kwetu, wengine nilisoma na kaka zao. Akapata nafasi kwa lori iliyokuwa inapeleka watu Nakuru, afike kwao, mambo yakitulia arudi.

Lori ilisimamishwa na vijana wengine wa kwetu kabla ya Timboroa. Kuna mama mmoja aliyekuwa naye humo, yeye aliachiliwa, ndiye alikuja kunieleza. Alisema hawakuulizwa vitambulisho. Waliongeleshwa tu, mmoja mmoja. Mke wangu alisalimia vizuri, akajibu vizuri, hata akataja jina langu na la boma letu. Walikuwa karibu kumwacha. Kisha akawaambia, "Tafadhari, niko na mtoto." Wakamshusha.

Tulimzika kwao. Nilisimama nyuma kabisa kama mgeni, na hakuna aliyeniita mbele, na sikuwalaumu.

Niliporudi kazini bosi aliniuliza kwa upole kama tubadilishe ile sauti. Nilikataa. Miaka hii yote mji mzima, makabila yote, wanampigia mke wangu na wanabonyeza mahali anawaambia. Kuna mteja mwaka huu alitupigia kwa hasira, akasema tutoe huyo mama wa sario, tuweke mtu anayejua Kiswahili. Nilimjibu kwa heshima, nikashukuru kwa maoni yake, nikaenda choo nikalia hadi nikakohoa.

Binti yangu hakumjua mama yake popote pengine. Akiwa mdogo, gogo yake, yaani mama yangu, akimchapa, alikuwa anakimbilia simu ya mezani anabonyeza nambari ya salio. Sasa ni msichana mkubwa, na bado kabla ya mtihani namsikia sebuleni anasubiri, anasikiliza, anaweka chini.

Shida yangu ni hii. Programu zimebaki mbili. Ya kwanza bili zake ni safi, nimeijaribu kila namna haijakosea, lakini inakuja na sauti yake ya mashine na haiwezi kupokea yetu. Ya pili inachukua sauti zetu zote, ila stima ikipotea simu inakatika na yenyewe inaendelea kumhesabia mteja bili. Kwa hii stima yetu mnajua maana yake. Wateja watatoroka, na pale ofisini kuna watu wanasomesha watoto. Mtu mwenye akili hawezi kufikiria mara mbili.

Kabla hamjaniambia, ndiyo, nimetoa rekodi zake nikaziweka kwa simu yangu. Nilimwita binti yangu nikamwambia, mama yako huyu hapa, utamsikiliza wakati wowote unataka. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

Akasema, "Baba, hapa amerekodiwa. Kule ako kazini."

Pastor wangu anasema sauti si mtu. Sijabishana naye. Lakini walimtoa mara ya kwanza kwa sababu ya ulimi wake, na walikuwa watu wa kwetu, na sasa kalamu imewekwa mkononi mwangu mimi, mtu wa kwetu pia. Jumatatu bosi anataka jibu.

Nishaurini jamani, lakini polepole, bado niko na kidonda. Na wewe utakayeniambia nichukue ile ya kwanza, niambie pia nani atakaa na msichana wangu siku atapiga hiyo nambari aitikiwe na mtu mwingine.