Udi wa Mama Mdogo Salma

Siku ile naikumbuka mpaka rangi ya kanga aliyojifunga mama mdogo wangu, Bi Salma. Sipendi kuikumbuka, mwanangu Raya, lakini umekuja kuniaga mimi shangazi yako, unaniambia unakwenda Ulaya kusomea vimeng'enya, na macho yako yanang'aa kama yangu wakati ule. Basi kaa kidogo. Ndege yako haiondoki leo.

Mama mdogo ndiye aliyenilea, hapa hapa Mkunazini, na kazi yake ilikuwa kupika udi wa maharusi. Kwetu sisi bibi harusi alifukiziwa udi uliopikwa na mkono uliomlea. Wa kununua dukani ulikuwa aibu, na watu wa mji huu wana pua na wana midomo. Alipika vipande vya udi kwa sukari, sandali, miski, marashi ya mawaridi na chembe ya ambari. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi, na yeye aliletewa na watu wa Kiwengwa walioiokota ufukweni. Kisha ikaadimika. Akawa anapika bila ambari, na kila akiufukiza ananuna, anasema udi umepooza.

Mimi nilikuwa Ulaya nasoma kemia, kijana, kichwa kimejaa upepo. Nilikuwa nimeshaposwa. Nikampigia simu nikamwambia udi wa harusi yangu usipikwe kwanza, ambari yake nitaitengeneza mwenyewe.

Wala sikumdanganya. Unajua papai bichi linavyolainisha nyama ya mishikaki? Ile ni kazi ya kimeng'enya. Sisi maabara tulichukua kimeng'enya cha bakteria, tukakibadili kidogo, tukakijaribu, kilichofanya vizuri tukakibadili tena, vilivyoshindwa tukavitupa. Hamira tukailisha sukari ya miwa ikatoa mafuta, tukayashughulikia, na kimeng'enya chetu kikayakunja yakawa harufu ya ambari. Hapakuwa na nyangumi, wala tindikali za kuunguza watu vidole. Nyinyi wa leo kompyuta inawachorea kimeng'enya kabla hamjashika chupa. Sisi tulipapasa tu, na kupapasa kunakula miaka.

Mama mdogo akipiga simu alikuwa na swali moja, nnakuja lini tupike. Nami jibu langu lilikuwa moja, bado kidogo, na harusi ikasogezwa mbele. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu, lakini tumbo lililoumia lilikuwa lake, mimi nilikuwa nimeshiba kazi.

Ambari ilipokamilika nikashuka Unguja na kichupa mkobani. Nilimkuta kwenye baraza ya ndani, amejifunga kanga ya kijani, amekonda. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akanishika uso kwa mikono miwili. Sikungoja hata kupumzika. Nikamwekea kichupa kiganjani, nikamwambia ambari ndiyo hii. Akakipeleka puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Mashaallah," akasema. "Ambari yenyewe hii. Hongera, mwanangu."

Nikacheka kwa furaha, kisha nikatazama mkono wake. Kizibo kilikuwa bado kimo kwenye chupa.

Mwanangu, niliumia. Pua yake ilikuwa imekufa siku nyingi, maradhi yameichukua, na majirani wote walijua. Mimi sikujua kwa sababu sikuwahi kumwuliza chochote isipokuwa ambari. Aliona ninapotazama, akapapasa kizibo kwa kidole, akaelewa. Hakukasirika. Nadhani angekasirika ningepata nafuu.

"Miye sikukuomba ambari," akaniambia polepole. "Nlikuomba uje tupike."

Tulipika kesho yake. Harufu hakuisikia, lakini alinielekeza kwa macho na masikio, sukari ikianza kushika, rangi ikigeuka, lini nitie ambari na lini niepue. Akaniambia udi mpya ni mkali, niufungie koponi utulie mpaka harusi. Tuliuweka kwenye kabati lake.

Udi ule haukusubiri harusi. Mama mdogo alitangulia mbele ya haki kabla haujatulia. Nilifungua kopo kwa mkono wangu, nikatia makaa kwenye chetezo, na sanda yake nikaifukiza kwa udi wa harusi yangu. Wanawake waliokuja msibani waliulizana ambari ya zamani kama ile imetoka wapi. Nililia mpaka nikatolewa chumbani. Nyumba nzima ilinukia, na aliyestahiki kunusa ndiye aliyekuwa amelala pale. Majuto ni mjukuu, na wangu ninaishi naye mpaka leo.

Sikukatazi kwenda. Elimu ni bahari, nawe kaichote, na hivyo vimeng'enya vyenu huenda vikaponya watu siku moja, pengine na pua za wazee. Ninalokuusia ni hili tu: mzee wako akikuomba kitu, mpe alichokiomba, usimpe kile unachokiweza wewe. Na akikuuliza unarudi lini, ujue anakwambia kuwa siku zake zinapungua. Kazi ya maabara utaikuta ilipo.

Haya nenda, mwanangu. Mungu akufungulie kila mlango, akukinge na mabaya ya huko na ya huku, na akurudishe kwetu ukiwa bado una wa kumwamkia, naye aweze kukuitikia marahaba.