Upande Mkavu

Tangu asubuhi Bibi anamchungulia fundi rangi kutoka juu ya ngazi. Fundi hulala kifudifudi kwenye vidato, shavu karibu na ubao, akitafuta michirizi ya brashi na kuguna kama anayesikiliza umbea. Kwa kawaida hupaka kidato kimoja, akaruka cha pili, ili wenye nyumba wapate pa kukanyaga.

"Mwanangu, goti langu haliruki," Bibi akamwambia.

Fundi akaguna. Akafuta alichokwisha kupaka, akaanza upya: kila kidato nusu, upande wa ukutani. Jioni Bibi akashuka upande mkavu, kashikilia reli. Fundi alimtangulia kinyumenyume, mikono kaitanua.

"Ukiteleza, mama, niangukie mimi tu. Huko ukutani rangi bado mbichi."