Simu Hii Siiachi

Mtu aliyeniibia alinisalimia kwa adabu kuliko wanangu.

"Shikamoo mama," alisema. "Pole na majukumu."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu, Ng'ambo, hapa mjini Tabora, nachambua karanga. Nikamwitikia marahaba. Akasema anapiga kutoka ofisi ya mafao ya wastaafu. Jina langu alilijua lote, na alijua kwamba nilistaafu reli. Uhakiki wa wastaafu unafungwa leo, akasema, na jina langu halijaonekana. Mstaafu yeyote anajua kwamba asiyehakikiwa hukatiwa pensheni.

"Kuna tarakimu sita zinaingia kwenye simu yako sasa hivi," akasema. "Nisomee tu, mama yangu, nisikusumbue kuja ofisini na jua hili."

Zikaingia. Nikavaa miwani, nikamsomea moja moja, kwa sauti ya wazi kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Akanishukuru. Akaniombea umri mrefu.

Nikarudi kwenye karanga zangu. Nilipoishika simu tena, ile programu tunayotumiana ujumbe ilikuwa imenifungia nje. Iliandika kwamba akaunti yangu imefunguliwa kwenye simu nyingine. Nikadhani ni mambo ya mtandao, nikaiweka pembeni.

Adhuhuri haijaadhiniwa, nikasikia kilio mlangoni. Alikuwa shoga yangu, tunayesoma naye darasa la akina mama kila Alhamisi, ameshika chupa ya uji. Aliponiona nimesimama akapiga ukelele.

"Si umelazwa wewe?"

"Nimelazwa wapi?"

"Kitete! Umetuandikia mwenyewe kwenye grupu letu la darasa. Umeanguka, unataka msaada wa haraka, tusikupigie kwa sababu huwezi kuongea. Nimetoka hospitali sasa hivi, nimezunguka wodi zote za wanawake nakuulizia!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu alikuwa amevaa jina langu na picha yangu, anazungumza na watu wangu mmoja mmoja.

Alasiri akaingia mdogo wangu kutoka Nzega. Alikuja na basi, kuku hai kwapani, mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mkononi. Yeye naye alikuwa ameupata ujumbe. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaketi chini bila kukaribishwa.

"Nilijua si wewe," alisema. "Dada yangu akiumwa haombi pesa. Angeniambia nije. Kwa hiyo nimekuja."

Nikalia. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu kuliko juu ya yule mwizi. Maana mimi nilifanya kazi ya simu katika vituo vya reli, Igalula kwanza, kisha Kigwa. Treni haikuondoka kituoni kwangu mpaka kituo cha mbele kimenihakikishia kwamba njia iko wazi. Nilimuuliza aliye upande wa pili yeye ni nani, nikayaandika maneno yake, nikamsomea tena, naye akathibitisha. Sauti nisiyoijua sikuipokea, hata idai ni ya mkubwa gani. Wakubwa walinigombeza, abiria walinitukana wakichungulia madirishani, na bado treni ilisimama. Leo mtu ananiita mama, basi, nami namfungulia njia.

Jioni mwanangu mkubwa akapiga kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amepata habari, na alikuwa amekwishaamua.

"Mama, simu hizi si za watu wazima. Nitakutumia simu ndogo ya kitochi. Upige, upokee, basi."

"Na hii?"

"Hii mpe mtu, au niletee huku. Huoni yaliyokukuta?"

"Mwaka jana uliporwa begi stendi," nikamwambia. "Mbona hatukukwambia usitoke tena nyumbani?"

Akaanza kunieleza bei ya kitochi.

"Kwenye simu hii naziona sura za wajukuu zangu," nikaendelea. "Nasoma magazeti, maana herufi nazikuza mpaka macho yangu yanazimudu. Nasikiliza Kurani nikipika. Mwizi ameingia nyumbani kwangu, na wewe unataka nihame mimi? Simu hii siiachi."

Alitaka kusema jambo. Nikamuaga.

Kesho yake tuliketi mezani wanawake watatu, mimi, mdogo wangu na shoga yangu, wote tumevuka sitini. Nilianza upya kuifungua akaunti yangu. Tarakimu nyingine sita zikaja, na zilikuja kwangu, kwa kuwa laini ya simu bado ilikuwa mkononi mwangu. Shoga yangu hana subira.

"Bonyeza tu hapo, wewe!"

"Sibonyezi nisichokisoma."

Nilisoma kila neno mpaka mwisho, mdogo wangu akisinzia. Nilipoingia, yule mtu akatolewa kule alikokuwa. Kisha nikatafuta mahali pa kuweka namba ya siri ya pili, ambayo hata mtu akizipata zile tarakimu sita ataulizwa. Nikaiweka. Haikuwa mwaka niliozaliwa wala mwaka wa harusi yangu, kwa sababu hayo mtaa mzima unayajua. Halafu nikarekodi sauti, nikaipeleka kwenye grupu: "Ni mimi. Siumwi. Nimeibiwa akaunti na nimeirudisha. Msitume kitu."

Siku hiyohiyo nikaenda polisi, mdogo wangu nyuma yangu. Askari wa mapokezi akaniuliza, "Bibi, umekuja na nani wa kukueleza vizuri?"

"Nimekuja na mdomo wangu," nikasema. "Andika."

Akaandika. Namba ya yule mtu nikaituma pia kule kunakopokelewa namba za matapeli. Sijasikia kwamba amekamatwa, wala sitadanganya kwamba alikamatwa.

Alhamisi ikafika. Darasani, baada ya dua, mwenyekiti wetu akasema kwa usalama wa grupu ingefaa wazee tupumzishwe. Matangazo tungeletewa kwa mdomo. Hakunitaja, lakini macho yote yalinigeukia.

Nikasimama. Magoti yangu yana maneno yao siku hizi, lakini nilisimama.

"Mimi ndiye niliyesoma tarakimu," nikasema. "Nimedanganywa na mtu ambaye kazi yake ni kudanganya. Aibu ni yake, mimi siibebi. Mkinitoa kwenye grupu, mtakuwa mmemwachia yeye mlango na mmenifungia mimi. Nani mwingine yamemkuta? Mficha uchi hazai."

Kisha mama mmoja anayeuza vitenge sokoni, mtu mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, akasema kwa sauti ndogo sana, "Mimi nilituma pesa. Niliposikia si wewe, niliona haya kusema." Mwingine akasema alibonyeza kiungo kilichomwahidi zawadi, na tangu siku hiyo simu yake inafungua mambo asiyoyaagiza. Ajuza mmoja pembeni akasema yeye alisomewa namba za kitambulisho chake mpaka akaamini anaongea na serikali. Walikuwa wamekaa na siri hizo, kila mmoja akijiona mjinga peke yake Tabora nzima.

Tukakubaliana palepale. Tarakimu zinazoingia kwenye simu yako hazisomewi mtu, hata akuite mama mara kumi. Anayeomba msaada kwa maandishi apigiwe, asikike sauti, na asiposikika aendewe nyumbani, kama mdogo wangu alivyokuja kwangu. Kiungo kisichojulikana hakiguswi mpaka kiulizwe. Mwenyekiti hakuunga mkono wala hakupinga. Alianza kukunja mkeka. Hakuna aliyetolewa.

Wiki chache baadaye matapeli wakanipigia tena. Sauti ilikuwa nyingine, adabu ileile.

"Shikamoo mama, napiga kutoka makao makuu..."

"Marahaba. Jina lako kamili?"

Akataja.

"Rudia taratibu, naandika. Cheo chako? Mkubwa wako ni nani? Haya, nakusomea nilivyoandika, kisha nakata. Ofisi ninaijua ilipo, nitakwenda mwenyewe kukuulizia."

"Mama, muda hautoshi, uhakiki unafungwa..."

"Ufungwe."

Adabu ikamwisha. Akaniita bibi kizee, akanitukana tusi ambalo sitaliandika. Nilikwisha kutukanwa na abiria wa treni nzima. Tusi la mtu mmoja halikunitikisa. Nikakata, nikaizuia namba yake, nikaipeleka na hiyo polisi.

Mwezi wa likizo mwanangu akaja na familia yake. Baada ya kula aliisogelea simu yangu iliyokuwa juu ya kabati.

"Mama, nipe ile namba yako ya siri nikutunzie. Usije ukaisahau."

"Sikupi."

Akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaona uso wangu. "Hata mimi mwanao?"

"Hata wewe. Nimekuzaa, nakupenda, na sikupi. Siku nikiisahau nitafuata njia ya kuirudisha, nimekwisha kuisoma. Wewe yako umeweka?"

Mkewe ndiye aliyejibu, akiondoa sahani mezani. "Hana. Simu yake haina hata kufuli."

Mwanangu akakuna kichwa. Akaitoa simu yake mfukoni, akavuta kiti karibu na changu. "Haya, mama," akasema. "Unaanzia wapi?"

Nikavaa miwani. "Unaanzia kwa kusoma," nikamwambia. "Na usinibonyezee kitu mpaka nimemaliza."