Nati ya Tano

Gari dogo nililonunua mtumba lilikuja na tabia za watu wote waliolimiliki kabla yangu. Hilo nilikuja kulijua siku tairi la mbele lilipopasuka jirani na Mpemba, nikimkimbiza baba kwa mama.

Baba alikuwa kwangu Tunduma tangu masika, akiuguza nyonga aliyovunjika shambani kwenye kahawa. Mama alibaki nyumbani Isansa na kaka yangu mkubwa. Kila jioni walipigiana simu. Baba aliuliza mbuzi wamefungwa wapi, mama aliuliza mwenzake amekula nini, mazungumzo ya watu wasio na jipya la kuambiana na wasiotaka kukata simu. Halafu mama akaanza kuumwa, na asubuhi hiyo kaka akapiga. "Mama anamwita mzee. Mlete haraka."

Baba akataka koti lake la kanisani. Nilimlaza nusu kwenye kiti cha nyuma, magongo yake ubavuni, tukaondoka.

Tairi la akiba nilikuwa nalo. Jeki nilikuwa nayo, na spana ya tairi pia, namba ishirini na moja. Nati nne zilitoka bila ubishi. Ya tano, spana ikazunguka bure. Nikachungulia nikaona nati ndogo, namba kumi na tisa, ya gari la aina nyingine kabisa. Fundi fulani huko nyuma alipoteza moja, akaokota yoyote iliyokubali kuingia, akaikaza, akafuta mikono na kumwambia mwenye gari kwamba kazi imekwisha. Nilimtukana fundi huyo nisiyemjua kwa maneno ambayo mtu aliyebatizwa hatakiwi kuyafahamu.

"Chunga ulimi," baba akasema kutoka nyuma. "Na ufanye haraka."

Upande wa pili wa barabara malori yalikuwa yamepanga foleni ya kwenda mpakani. Nilijiambia kama kuna mahali mtu hawezi kukosa spana, ni hapo. Madereva walishuka kweli, kila mmoja na yake, ndefu kama mwiko wa kusongea ugali wa msibani. "Bamayo, hii ni ya lori," dereva mmoja wa Zambia akaniambia kwa upole, akiniita mama kwa lugha ya kwao, "lakini mzee anangoja, tujaribu." Mdomo wa spana yake ungemeza nati pamoja na kidole changu. Praiza nayo haikufika, maana nati ilikuwa imezama ndani ya rimu. Nikasimamisha dereva aliyekuwa akipeleka gari la mtu Kongo, akanifungulia buti, tupu. "Dada, haya tunakabidhiwa yakiwa yameshavuliwa kila kitu."

Bodaboda baba asingeweza kupanda. Hiace zilipita zimejaa hadi mlangoni, na nyonga ile isingekunjika humo. Na kila mara alitokea mtu wa kusema kwamba namba kumi na tisa ipo, hapo mbele tu, subiri kidogo. Nikasubiri, nikakimbia, nikarudi. Viatu nilishavivua.

Simu ikaita. Kaka.

"Mmefika wapi?"

"Mpemba. Tumepata pancha."

"Basi msikimbize gari. Njooni taratibu tu."

Kwetu mtu aliye safarini haambiwi msiba, anaambiwa hivyo. Ukiambiwa njoo haraka, bado kuna pumzi. Ukiambiwa njoo taratibu, hakuna tena cha kuwahi. Nilishika boneti.

"Mzee asijue mpaka afike," kaka akaongeza.

Baba alikuwa ameshusha kioo. "Mama yenu anasemaje?"

"Anakungoja, baba."

Akatabasamu. Alikuwa hajatabasamu tangu asubuhi. "Mwambie asilale. Nakuja."

Kaka alikuwa bado hewani. Nikaweka simu sikioni, nikasema kwa sauti, ili baba asikie, "Baba anasema asilale, anakuja." Huko Isansa nikamsikia kaka yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akilia.

Kisha nikarudi barabarani kutafuta spana. Na ilinibidi niitafute kwa haraka ileile, kwa sababu baba alikuwa ananitazama. Nilipunga mikono, nikapiga kelele, nikaomba. Mfanyabiashara mmoja mwenye kanzu, akielekea Tunduma na gari dogo kama langu, akasimama. Spana yake ilikaa kwenye ile nati sawasawa. Akaikanyaga mara moja tu, ikalegea. "Haya, mama, muwahi mgonjwa," akasema kwa furaha, na mimi nikamshukuru kama mtu mwenye mgonjwa.

Njia nzima baba alinihimiza. Nilikuwa nikipunguza mwendo bila kujua, ananigonga bega. Tulipopita Mlowo aliomba nimfunge vizuri kifungo cha juu cha koti, nami nikasimama nikamfunga, nikiangalia pembeni.

Wanawake waliokaa uani walipoona gari linaingia, wakapandisha kilio, kama ilivyo desturi mwenye msiba anapofika. Nikazima injini. Baba hakushituka. Alikaa akisikiliza, mikono juu ya magongo.

"Ulijua tangu pale barabarani," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ungeniambia palepale, mwanangu. Pale hakuna aliyekuwa ananijua. Ningelia."

Akanipa mkono nimshushe. Akaenda kwa wanaume wenzake waliokuwa wamesimama kumpokea, akawapa mkono mmoja mmoja, macho makavu, akiwauliza habari za nyumbani kwao.